Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: kabla ya kamera, daftari

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya kisukari katika ngazi ya msingi, mahali ambapo mgonjwa hurudi kila mara kuchukua dawa na kupimwa. Yapo mazungumzo ya kuvinunulia vituo vya ngazi yetu kamera za kupiga picha ya ndani ya jicho. Nayafurahia, na sitaki nionekane mtovu wa shukrani. Ila kabla boksi la kwanza halijafunguliwa, naomba tukubaliane picha ikishapigwa inakwenda wapi, inasomwa na nani, na nani atamtafuta mgonjwa ambaye hakurudi.

Wenzangu wa kliniki wanaujua ugonjwa wenyewe, yaani ule wa macho unaoletwa na kisukari, lakini barua hii itasomwa na wengi. Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu mishipa midogo ya damu kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Mishipa hutoa vivimbe vidogo, huvuja damu na mafuta, mingine huziba. Sehemu zilizokosa damu zinapoanza kuhangaika, jicho huotesha mishipa mipya, na hiyo ndiyo balaa lenyewe: ni dhaifu, hupasuka na kulijaza jicho damu, na makovu yake huivuta retina mpaka ibanduke. Muda mrefu kabla ya kufika huko mgonjwa hasikii kitu. Jicho haliumi, haliwi jekundu, halitoi machozi.

Hapo ndipo chati ya herufi inapotudanganya. Mama anakaa kwenye kiti, anafunika jicho moja kwa kiganja, anasoma mpaka mstari wa chini kabisa, kisha anamcheka mwanawe aliyemsindikiza kwa sababu yeye ameishia mstari wa juu yake. Kwenye kadi tunaandika "macho: sawa". Retina ya mama huyohuyo inaweza kuwa tayari ina mishipa mipya inayotambaa. Chati imepima anavyoona leo asubuhi, basi. Atakapokuja kulalamika kwamba anaona kama utando mweusi unaelea, sehemu kubwa ya nafasi yetu ya kumsaidia itakuwa imeshapita.

Makadirio yaliyochapishwa 2012, yaliyojumlisha tafiti za nchi nyingi, yalionyesha kwamba takriban mtu mmoja kati ya watatu wenye kisukari ana ugonjwa huu kwa kiasi fulani, na mmoja kati ya kumi amefika hatua inayotishia uwezo wake wa kuona. Tiba nayo si ngeni. Tangu 1976 jaribio kubwa la Marekani lilionyesha kwamba leza ikipigwa kwa wakati hupunguza upotevu mkubwa wa kuona kwa zaidi ya nusu. Zipo sindano za ndani ya jicho, na mojawapo ya dawa zake, bevasizumabu, iliyo ya bei nafuu kuliko nyingine za aina yake, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2013. Tunachoshindwa ni kumfikia mtu wakati bado anasoma mstari wa chini.

Uingereza huwa inatajwa kama mfano, na kwa haki. Mpango wao wa taifa wa kuchunguza retina za wenye kisukari ulianza 2003, na uchambuzi wa takwimu za 2009 na 2010 ulionyesha kwamba, kwa mara ya kwanza katika angalau miongo mitano, ugonjwa huu haukuwa tena sababu kuu ya upofu unaosajiliwa kwa watu wa umri wa kufanya kazi. Waliouandika walitaja uchunguzi huo, pamoja na udhibiti bora wa sukari, kama maelezo yanayowezekana. Wageni wanaokwenda kujifunza kule hurudi wakisimulia kamera. Mimi kinachonivutia ni daftari. Kila mwenye kisukari aliyetimiza miaka 12 ameorodheshwa kupitia daktari wake wa kawaida, anapelekewa barua ya mwaliko, na wapo watumishi ambao kazi yao ni kufuatilia majina yaliyopotea njiani. Ni kazi isiyo na sherehe ya uzinduzi, lakini ndiyo inayookoa macho.

Najua utaambiwa kwamba akili bandia imemaliza tatizo la wasomaji wa picha. Imesaidia kweli. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha mfumo wa kwanza unaotoa uamuzi bila daktari kuisoma picha, na uliidhinishwa kwa ajili ya ngazi kama yetu. Lakini ripoti ya 2020 kutoka kliniki za Thailand ilieleza kwamba takriban picha moja kati ya tano ilikataliwa na mashine kwa ubora hafifu, na mara nyingine sababu ilikuwa mwanga wa chumba tu. Rwanda nako, jaribio lililochapishwa 2022 liliwagawa wagonjwa makundi mawili: waliopewa jibu la mashine papo hapo na waliosubiri jibu la msomaji binadamu kwa siku kadhaa. Katika kundi la kwanza, asilimia 51.5 ya waliopewa rufaa walikwenda; la pili, asilimia 39.6. Jibu la papo hapo lina nguvu, sibishi. Ila hata hivyo karibu nusu hawakufika kwa daktari wa macho, na hao mashine haiwezi kuwafuata nyumbani.

Kuna mambo madogo ya chumbani ambayo huamua kama mpango utasimama. Matone ya kupanua mboni yanawasha kidogo, yanahitaji kama dakika 20 yafanye kazi, halafu mtu huona ukungu kwa saa kadhaa na hapaswi kuendesha chombo. Asipoambiwa mapema aje na msindikizaji, atakataa matone, na kwa haki yake. Wazee wenye kisukari cha siku nyingi wana mboni ndogo, wengine wana mtoto wa jicho, na picha inatoka giza. Picha isiyosomeka ihesabiwe kuwa rufaa. Ikiandikwa "haikuonyesha tatizo", tumejidanganya upya, safari hii kwa kifaa ghali. Na pale ambapo matone yanangoja sahihi ya daktari ambaye yuko zamu kwingine, muuguzi aliyefunzwa aruhusiwe kuyaweka.

Mwenye kisukari cha aina ya pili apigwe picha anapogunduliwa tu, kwa kuwa sukari huenda ilikuwa mwilini miaka mingi bila yeye kujua. Wa aina ya kwanza wanaweza kuanza ndani ya miaka mitano. Mjamzito aliyekuwa na kisukari kabla ya mimba asisubiri, aonwe miezi ya mwanzo. Ambao retina zao ni safi na sukari yao imetulia si lazima waje kila mwaka. Uingereza yenyewe tangu 2023 imewahamishia wa hatari ndogo kwenye miaka miwili. Nafasi wanazoacha tuwape wale ambao hatujawahi kuwaona.

Nina wasiwasi mmoja zaidi, na huu ni wa ngazi yako kuliko yangu. Kumwambia mtu kwamba jicho lake liko hatarini, kisha akute leza ya hospitali ya rufaa imeharibika na foleni ya sindano haina mwisho, ni kumtesa. Kwa hiyo tuanze kwenye maeneo ambayo leza inafanya kazi na ina mtu wa kuitumia, hata kama ni machache na hata kama wabunge wa maeneo mengine watalalamika.

Kwenye kadi ya kliniki ninayoijaza kuna nafasi ya uzito, shinikizo la damu, sukari na miguu. Naomba iongezwe ya retina, yenye tarehe ya picha, jibu, na tarehe ya tiba. Ripoti zitakapokufikia, watu watakuletea idadi ya picha zilizopigwa, kwa sababu ndiyo rahisi kuhesabu. Waulize ni siku ngapi zilipita kati ya picha ya hatari na leza, na ni wangapi ambao tarehe yao ya tiba bado haijaandikwa.

Wako katika huduma,
Muuguzi wa kliniki ya kisukari