Picha ya ubongo na shamba la mama mmoja

Bwana Mhariri,

Katika toleo la wiki iliyopita gazeti lenu liliandika kwamba wanasayansi wamekwisha kuchora ramani ya ubongo wa binadamu, na kwamba sasa picha moja yatosha kuonyesha penye kasoro kichwani mwa mgonjwa. Mimi ni muuguzi, na kwa miaka mingi nimewahudumia wagonjwa wa kifafa hapa Kadutu. Siku tatu baada ya habari hiyo mama mmoja alinijia, gazeti lenu mkononi, akaniuliza kama auze shamba lake la Walungu ili ampeleke mwanawe Kigali akapigwe picha hiyo. Mtu mmoja mjini anayejiita mtaalamu alikuwa amemwambia kwamba itaonekana waya uliokatika, kisha waya huo utaungwa. Ndiyo maana naandika, tena kwa uchungu.

Kazi ya watafiti hao siidharau hata kidogo. Mwaka 2010 Marekani ilianza kugharamia mradi uitwao Human Connectome Project, yaani mradi wa kuchora miunganiko ya ubongo wa binadamu, ambamo vijana zaidi ya 1,100 wenye afya njema, wa umri wa miaka 22 hadi 35, walilazwa katika mashine ya IRM, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa nguvu ya sumaku, ili ubongo wao upigwe picha kwa namna mbalimbali. Kutokana na picha za 210 kati yao, Matthew Glasser, David Van Essen na wenzao walitangaza mwaka 2016 kwamba gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, lina maeneo 180 kila upande, na 97 kati ya hayo hakuna aliyekuwa ameyaeleza kabla yao. Atakayekumbuka kwamba daktari Mjerumani Korbinian Brodmann alichora ramani yake mwaka 1909 akiwa na hadubini tu ataelewa kwa nini habari hiyo iliwafurahisha wengi, nami nikiwamo.

Lakini mashine hiyo haiuoni uzi wa neva. Inachokipima, inapotafutwa njia ya nyuzi hizo, ni mwendo wa maji yaliyomo ndani ya ubongo, ambayo, yakiwa kati ya nyuzi zilizolala pamoja, husogea kwa urahisi zaidi kufuata urefu wa nyuzi kuliko kuzikata, kama maji ya mvua yanavyoufuata mfereji. Kompyuta ndiyo inayounganisha vipimo hivyo na kukisia njia ilipopita. Katika mradi niliotaja, kipimo kimoja kilichukua kichemraba chenye upande wa milimita 1.25, ambamo nyuzi ni maelfu kwa maelfu, na pale zinapopishana kompyuta hupotea kwa urahisi. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2017, vikundi 20 vya watafiti vilipewa picha za ubongo wa kutungwa kwa kompyuta, ambao njia zake zote zilijulikana tangu mwanzo. Njia nyingi za kweli zilipatikana, lakini pamoja nazo zilichorwa njia za uongo zilizozidi zile za kweli kwa wingi. Wala picha hizo hazisemi ujumbe unatoka upande upi. Anayeitazama Bukavu kutoka angani ataiona barabara inayopanda hadi soko la Kadutu, ila hatajua kama magunia ya mihogo yanapanda au yanashuka.

Miunganiko yenyewe, yaani sinapsi, mahali ambapo neva moja huipasha nyingine habari, haionekani kwa IRM ya aina yoyote. Huhitaji hadubini ya elektroni, na ubongo uliokatwa vipande vyembamba mno. Mwaka 2024 watafiti wa Harvard na Google walitoa ramani ya kipande cha ujazo wa milimita moja hivi, kidogo kuliko punje ya mchele, na humo walihesabu seli zipatazo 57,000 na sinapsi milioni 150 hivi. Ubongo mzima una neva zinazokaribia bilioni 86. Nieleze pia, kwa kuwa jambo hili lilinigusa, kwamba kipande hicho kilitoka kwa mwanamke mgonjwa wa kifafa. Madaktari walikiondoa wakati wa upasuaji ili wafike penye ugonjwa.

Kwa hiyo nilimwambiaje yule mama? Nilimwambia kwamba kifafa, mara nyingi, hutambuliwa kwa kumsikiliza kwa makini aliyemwona mtoto akianguka, na kwamba vidonge vya fenobabitali, ambavyo bei yake ni ndogo, huwazuia wengi wasianguke tena. Picha ina kazi yake: huonyesha kovu, uvimbe, au vifuko vya minyoo ya tegu vilivyoingia ubongoni. Ramani ya nyuzi nayo humsaidia daktari mpasuaji asiikate njia ya kuona au ya kusema. Hata hapa Afrika IRM imetoa majibu mazito, kwani huko Blantyre, Malawi, watafiti waliowapiga picha watoto 168 wenye malaria ya ubongo waliandika mwaka 2015 kwamba kati ya 25 waliofariki, 21 walikuwa wamevimba ubongo vibaya sana tangu walipofika hospitalini. Hapo picha ilijibu swali lililoulizwa kuhusu wagonjwa wenyewe. Waya wa kuungwa haumo katika picha yoyote niliyowahi kusikia habari zake.

Naomba basi, Bwana Mhariri, mwandishi wenu airudie habari hiyo, aeleze ni ramani ya aina gani iliyochorwa, kwa mashine ipi, na kwa ubongo wa watu gani. Mtoto ameanza vidonge Jumatatu. Mamake ananiheshimu, lakini mimi nimesema kwa mdomo tu na ninyi mmeandika, kwa hiyo ameniambia kwamba kabla ya kuamua habari ya shamba atangoja aone toleo lenu lijalo litasema nini.

Wenu katika huduma,
Muuguzi, komini ya Kadutu, Bukavu