Dada wa kwenye benchi, asante sana

Jamani huyu dada hata jina lake silijui, tulikaa benchi moja kwa daktari wa meno siku nimetoka kupandikizwa jino, mdomo wote ganzi na machozi yananitoka, akaniambia na yeye alishapitia hayo hayo. Akanielekeza taratibu kabisa, usile kitu mpaka ganzi iishe usije ukajing'ata ulimi, leo cha moto hapana, na mrija usiuguse maana ukivuta tu damu iliyoganda kwenye kidonda inabanduka. Supu iwe vuguvugu, mtindi, mayai laini, viazi vya kuponda, utafune upande mwingine. Maji ya chumvi kesho yake ndo usukutue, polepole. Akasema uvimbe utazidi siku ya 2 au ya 3 usiogope, na kweli shavu lilijaa, nisingeambiwa ningechanganyikiwa. Mie nilipanga kushinda na chai tu kumbe mwili unataka protini ili kidonda kipone! Sasa nasubiri mfupa wa taya ushikane na skrubu waliyonipandikiza ya kushikilia jino, miezi 3 hadi 6 hivi, ila nakula vizuri. Dada popote ulipo Mungu akubariki sana, siku ile sikuwa na mtu.