Makaburi ya Kaole ni ya kwetu

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Bagamoyo. Sisi wazima, na bibi yako anakusalimu sana. Barua yako imefika. Ila pale uliposema mwenzako chuoni anashikilia kwamba makaburi ya Kaole yalijengwa na Waajemi, eti sisi wa pwani tuliyakuta tu, nimekereka, na sitaki neno hilo likukae moyoni.

Kaole, mji wa kale uliobaki magofu, ni mkongwe kuliko mji wetu huu. Msikiti wake wa kwanza ni wa karne ya 13, na palikuwa na bandari hadi mikoko ilipoziba njia ya majahazi, biashara ikahamia huku Bagamoyo. Leo yamebaki magofu ya misikiti miwili, kisima, na makaburi zaidi ya 20.

Sasa yatazame makaburi yenyewe. Yapo yaliyosimamishiwa nguzo ndefu ya mawe. Ya namna hiyo utayakuta Tongoni kule Tanga, Malindi, Gede na Mnarani kule Kenya, mpaka pwani ya Somalia. Uajemi huyaoni, wala Uarabuni. Mgeni atatuletea vipi desturi ambayo kwao haipo?

Halafu mawe. Ni matumbawe hayo, mwanangu. Tumbawe likitolewa baharini bichi ni laini, fundi analichonga apendavyo; likishakauka linakuwa gumu kabisa. Inama karibu uone vitundu vyake vidogo vidogo, vimepangana kama sega la nyuki. Anayeiweza kazi hiyo ni mtu aliyekulia ufukweni, ajuaye maji yatakupwa lini na mwamba upi una jiwe zuri. Hata chokaa ilitoka humohumo: matumbawe yalipangwa juu ya magogo, yakachomwa, unga wake ukaachwa upoe na kuiva ndipo ujengewe.

Wageni walikuwepo, siwakatai. Walikuja na pepo za kaskazi, wakaoa, wengine wakazikwa papa hapa. Dini yetu nayo ilivuka bahari. Kwenye nguzo utaona vishimo vya mviringo vilivyokuwa vimepachikwa bakuli za China. Lakini aliyenunua bakuli la mgeni hakujengewa kaburi na mgeni. Koo za pwani zenyewe zilijinasibisha na Shirazi, mji wa Uajemi, kwa kutafuta heshima, na wakoloni wakaipokea hadithi hiyo kwa mikono miwili, kwa sababu hawakuamini kwamba Mwafrika angeweza kujenga mji wa mawe.

Na makaburi yale hayajaachwa. Watu bado wanakwenda kwenye kaburi la Sharifa, mwanamke anayeheshimiwa sana hapa, kuomba dua, wanafukiza ubani. Bibi yako ni mmoja wao.

Likizo ukija, njoo na huyo mwenzako. Ni kama kilomita 5 tu kutoka mjini. Twendeni asubuhi kabla jua halijawa kali, nami nitamwonyesha nguzo moja baada ya nyingine, aulize chochote atakacho. Niandikie mnakuja lini nimwambie bibi yako.

Wasalaam,
Mama yako