Barua ya wazi kwa Mwendesha Mashtaka wa Jamhuri, Lubumbashi: mama huyu hakutupa mtoto

Mheshimiwa,

Pole na kazi. Mimi ni mama ninayekaa Katuba, hapa Lubumbashi, nauza makala, yaani makaa ya kupikia, mbele ya nyumba yangu. Nakuandikia juu ya jirani yangu, msichana wa miaka 19, aliyefungwa kwa kosa la kumtelekeza mtoto wake wa miezi miwili. Mtaa mzima unasema "ametupa mtoto". Mimi niliona, na sikuona mtu akitupa.

Alfajiri ile nilikuwa napanga mafungu ya makala. Alimlaza mtoto mlangoni pa kituo cha afya, kisha akajibanza nyuma ya mpera. Hakukimbia. Alisimama pale mpaka muuguzi wa zamu alipofungua mlango na kumwinua mtoto, ndipo akaondoka huku kitenge amekiziba mdomoni. Mtoto alikuwa ameogeshwa, anang'aa mafuta, na kifuani amefungiwa kadi yake ya chanjo. Nani anayetupa mtoto akakumbuka kadi?

Baba wa mtoto alikwenda Kolwezi kuchimba madini wakati mimba ilikuwa na miezi mitano, na simu yake haipatikani tena. Mwenye nyumba alimtolea vitu nje. Siku mbili kabla ya hapo nilimpa bukari (ugali) kidogo, akaniambia maziwa yamekauka. Nilimwonea huruma, nikaendelea na kazi zangu. Hilo linaniuma hadi leo.

Najua sheria inakataza kumwacha mtoto. Kifungu cha 41 cha Katiba yetu ya Kongo ya 2006 kinasema wazi kwamba kumtelekeza mtoto kunaadhibiwa. Anayemwacha mtoto porini au kwenye shimo la choo ili afe, mimi mwenyewe nitamshitaki. Lakini kosa la jinai hutazamwa na nia yake: huyu alitaka kuukimbia mzigo, au alitaka mtoto apate mtu wa kumlisha? Na kama hakuwa na njia nyingine, wakili ana haki ya kuleta hoja ya dharura mbele ya jaji, na hata akionekana na kosa, jaji anaweza kupunguza adhabu kwa kutazama hali yake.

Tatizo ni kwamba hakuna aliyezisema hoja hizo, kwa sababu hana wakili. Alikaa kasho, mahabusu ya polisi, siku tano. Kifungu cha 18 cha Katiba kinaruhusu saa 48 tu kabla ya kumfikisha kwa wenye mamlaka, na kinataka aambiwe sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoielewa. P.V., karatasi ya maelezo yake, iliandikwa kwa Kifaransa, akatia kidole gumba. Yeye anajua Kiswahili, lugha ya taifa katika Katiba hiyo hiyo. Aliponiona dirishani aliniuliza, "Mama, ni nini nimesaini?"

Tena kifungu cha 41 kinasema wazazi wana wajibu wa kumtunza mtoto. Wazazi, si mama peke yake. Jina la baba halimo kwenye faili. Na wapo watu wasiofungwa: watoto wanaolala barabarani mjini kwa sababu waliitwa wachawi, waliowafukuza wako kwao wanakula: ilhali sheria ya ulinzi wa mtoto ya 2009, kifungu cha 160, inampa anayemsingizia mtoto uchawi mwaka 1 hadi 3 jela.

Nakuomba, Mheshimiwa, umpatie wakili kabla hajahojiwa tena, umsikilize upya kwa Kiswahili, na umruhusu asubiri kesi akiwa nje. Nyumba yangu ina nafasi ya mama na mtoto. Nitaweka sahihi popote utakapotaka. Baba atafutwe Kolwezi. Na mwite yule muuguzi: kadi iko kwake. Sindano ya wiki ya 6 imeandikwa. Ya wiki ya 10 ni juma lijalo.

Mama muuza makala,
Katuba