Viza isomwe kabla ya tiketi kulipiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo nimelishuhudia kwa miaka kadhaa nikiwa na steshenari hapa Kirumba, jirani na soko la samaki la Mwaloni. Watu huja kwangu kupiga picha za pasipoti, kutoa kopi za vyeti na kujaza maombi ya viza kwenye kompyuta, kisha wengi wao hurudi baada ya wiki kadhaa kuchapisha viza iliyokwisha kutolewa. Siku hiyo ya kuchapisha ndiyo inayonitia wasiwasi, kwa kuwa ni nadra kumwona mtu akikaa kitako kusoma kilichoandikwa kwenye karatasi aliyoisubiri kwa hamu. Akishasikia kwamba viza imetoka, anaona safari imekamilika, ilhali karatasi ile ina masharti, na kila tarakimu iliyomo itakuwa na uzito atakaposimama mbele ya ofisa wa uhamiaji ugenini.

Kinachopuuzwa kuliko vyote ni aina ya viza. Mpwa wangu alipelekwa katika nchi moja ya Ghuba kwa ahadi ya kazi za ndani, na wakala aliyepokea fedha zetu akatuletea viza ya matembezi ya siku 30, akisema itabadilishwa kuwa ya kazi binti akishafika. Haikubadilishwa. Siku 30 zilipokwisha, binti akawa mkaazi asiye halali katika nyumba ya watu, pasipoti yake imefungiwa kabatini na mwajiri, na kila alipotaka kudai mshahara alitishiwa kwamba atakayekamatwa ni yeye. Alirudi baada ya miezi saba, nasi tulikuwa tumeuza ng'ombe wawili ili kulipa tiketi na faini ya kuzidisha siku. Viza ile niliichapisha mimi kwa mkono wangu, na neno lililoeleza kwamba ni ya matembezi lilikuwa pale juu, kwa herufi kubwa. Tangu siku hiyo sichapishi viza ya mtu bila kumwomba tuisome pamoja.

Sheria zetu zinawataka mawakala binafsi wa ajira wawe na leseni, na serikali ina Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, yaani TaESA, ambako mzazi anaweza kuuliza kama anayemchukua mwanawe anatambulika. Swali hilo huulizwa kabla ya kutoa hata shilingi moja, kwa maana fedha ikishatoka mkononi ulizo hilo halina nguvu tena.

Jambo la pili ni tarehe. Viza nyingi zina mambo mawili yanayofanana machoni lakini yanatofautiana kabisa kimaana, yaani kipindi ambacho viza inaweza kutumika na idadi ya siku ambazo mgeni anaruhusiwa kukaa. Mtu anaweza kupewa viza inayotumika kuanzia Mei mosi hadi katikati ya Juni, na papo hapo ikaandikwa siku 30 tu. Yeye akaingia Mei mosi na kupanga kurudi Juni 14 akidhani yuko ndani ya muda. Kwa nchi za Ulaya zilizo katika eneo la Schengen, yaani zinazotumia viza moja ya pamoja, mgeni wa muda mfupi hawezi kuzidisha siku 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180, na siku ya kuingia na ya kutoka zote huhesabiwa. Aliyekaa huko tangu Januari mosi hadi Machi 31 amezimaliza siku zake 90, na hata akipata viza nyingine mwezi Aprili itambidi asubiri hadi mwishoni mwa Juni. Kutoka kwa siku mbili na kurudi hakufuti hesabu hiyo. Zaidi ya hayo, kama viza ni ya kuingia mara moja, mtu aliyetoka Paris kwenda kumsalimu ndugu yake London, mji usio katika eneo hilo, hawezi kurudi Paris kwa viza ileile.

Pasipoti nayo ina hesabu yake. Yetu hudumu miaka 10, lakini nchi nyingi hudai ibaki na miezi sita au zaidi siku ya kuingia, kwa hiyo pasipoti yenye miezi minne mtu aione kama imekwisha. Kwa wanaopeleka wagonjwa India, ambao hapa Mwanza si wachache, nitasema kwa kifupi tu kwamba mgonjwa ana viza yake ya matibabu na msindikizaji ana ya kwake.

Hata safari za jirani zina masharti. Wafanyabiashara wa dagaa wanaovuka Mutukula kwenda Uganda au Sirari kwenda Kenya hawahitaji viza, na kwa sababu hiyo wengi hudhani kitambulisho cha NIDA kinatosha. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana raia wao wavuke kwa vitambulisho tangu mwaka 2014, lakini Tanzania haikuingia katika mpango huo, hivyo Mtanzania anatakiwa kuwa na pasipoti au hati ya dharura ya safari. Uganda pia hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Cheti hicho huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa na tangu Julai 2016 ni cha maisha, kwa hiyo anayechanjwa leo ili avuke kesho hajatimiza sharti, na aliyechanjwa miaka 15 iliyopita hana haja ya kurudia ilimradi ametunza kadi yake.

Tena ni vema ifahamike kwamba viza ni ruhusa ya kufika mpakani, na uamuzi wa kukuingiza hubaki kwa ofisa aliye pale. Anaweza kuuliza utafikia wapi, utajikimu kwa nini na utarudi lini. Barua ya mwaliko na tiketi ya kurudi vikiwa ndani ya begi lililopelekwa kwenye mizigo ya ndege, havimsaidii msafiri dakika hiyo, avibebe mkononi.

Ombi langu kwa Idara ya Uhamiaji mkoani kwetu na kwa halmashauri zetu za Jiji la Mwanza na Ilemela ni kwamba kibandikwe kibao cha Kiswahili katika stendi ya Nyegezi, bandarini na uwanja wa ndege, kikieleza mambo haya kwa maandishi makubwa, na ofisi ya Uhamiaji itenge walau siku moja kwa wiki ambapo mwananchi ataruhusiwa kuleta viza yake asomewe na kufafanuliwa bila malipo kabla hajalipia tiketi. Kama kibao kitahitaji kuchapishwa, nakala za kwanza nitazitoa mimi bure.

Msomaji wako,
Kirumba, Mwanza