Babu wa Kibosho kanituma jikoni

Moshi, 28 Desemba

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila vidole vyangu vyeusi kama vya fundi gereji, na sababu utaikuta huko mbele.

Uliniuliza kwa nini sikupanda basi nikaja Mombasa sikukuu hii, na mpaka wa Holili ni hapo tu, ukivuka uko Taveta, ukilala kidogo uko Voi. Kila mtu hapa aliniambia hivyohivyo. Jirani yetu mmoja aliwaalika Wajerumani chakula cha sikukuu mbele ya macho yangu, halafu akanigeukia kwa upole kabisa: "Wewe najua utakuwa kwenu." Nikacheka nikanyamaza. Ningemwambia nini? Kuna watoto wa kituo hiki ninachojitolea wasio na pa kwenda likizo, na wapishi wote waliomba ruhusa kwa mpigo, maana wote ni Wachaga.

Na Mchaga, somo, Desemba humzuii. Anakwenda kuhesabiwa, ndivyo watu wanavyowatania. Serikali ilifanya sensa yake 2022 ikapumzika. Hawa yao ni ya kila mwaka. Mabasi kutoka Dar yanakuja yamejaa pomoni, magari ya watu binafsi yamefungwa mizigo juu, soko la Mbuyuni halipitiki. Mimi nilidhani ni mambo ya kuonyeshana magari (na hayo yapo, usidanganywe), lakini kumbe shina lake ni kihamba. Kila ukoo una shamba lake la migomba na kahawa, humohumo ndimo ilimo nyumba na ndimo walimozikwa wazee. Ubatizo, kipaimara, harusi, vyote vinangoja wakati huu. Hata kesi za ndugu. Ukimkosea mtu ukampelekea jani la isale, kukataa kukusamehe ni jambo zito mno kwake. Basi ikifika tarehe 25 mjini kweupe, watu wote wako juu mlimani.

Tuliobaki katika nyumba ya wafanyakazi wa kujitolea tulikuwa Wajerumani wawili, binti wa Denmark, kijana wa Kampala, Mhabeshi mmoja na mimi. Wazungu hawa sikukuu yao ni usiku wa tarehe 24. Zawadi zinafunguliwa usiku huohuo, asubuhi wao wameshamaliza, wanashangaa wewe ndiyo kwanza unavaa nguo mpya! Jioni tulikwenda ibada ya Walutheri, wakapiga tarumbeta hadi madirisha yakatetema, na Wajerumani wakatambua tuni za kwao zikiimbwa Kiswahili. Mmoja alilia. Nilimwacha alie.

Tuliporudi, binti wa Denmark akapika wali wa maziwa. Kwao ndani ya wali hufichwa lozi moja, anayeipata anapewa zawadi. Lozi hatukuwa nayo, tukatumia korosho. Sharti ni kwamba ukiipata unaificha shavuni usiseme, ili wenzako waendelee kula wakiitafuta. Mganda aliificha vizuri mno. Tulikula sufuria nzima ya mchele wa Chekereni, matumbo yakataka kupasuka, ndipo akaitoa ulimini. Mhabeshi alikuwa anatutazama tu na bakuli lake la dengu. Krismasi yao ni 7 Januari, na mpaka hapo wamo katika mfungo: hakuna nyama, hakuna maziwa, hakuna mayai. Hakulalamika hata mara moja. Mimi ningelalamika.

Asubuhi nilikaanga mahamri. Nazi hapa zinatoka Tanga, na bei yake bora nisikwambie. Yalifura lakini, hukunifundisha bure.

Sasa vidole. Mlinzi wetu wa usiku kwao ni Kibosho, akatualika sote kwa baba yake. Tukapanda haisi, kisha tukatembea kati ya migomba, Kibo kimejifunua chote. Tukafika, tukaamkia. Babu akatukalisha kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma, akamuuliza kila mmoja ametoka wapi. Ujerumani, karibu sana. Denmark, karibu sana. Uganda, Ethiopia, karibuni. Akafika kwangu.

"Mombasa, babu."

"Aa! Wewe si mgeni. Haya mwanangu, nenda jikoni ukawasaidie wenzio."

Somo, niliondoka kwenye kochi! Nimevaa dera langu lile la sikukuu, nikakabidhiwa kisu na rundo la ndizi mbichi za mtori. Utomvu wa ndizi hautoki kwa sabuni, nimejaribu hata limau. Nusu saa ya kwanza nilikuwa nimenuna. Mganda naye kavuka mpaka kama mimi, mbona yeye amekaa? Lakini jikoni ndiko kulikokuwa na maneno. Wale akina mama walikuwa wanasemana Kichaga, wakiniona wanageuza Kiswahili ili nisipitwe na umbea: nani amekuja na mke mpya, nani amejenga hajamalizia, nani amepelekewa isale na nani. Walimpikia Mhabeshi kiburu, ndizi na maharage, akala akaongeza. Kule sebuleni, wenzangu waliniambia baadaye, walikaa wakitabasamu na kupitishiana mbege, ile pombe ya ndizi, binti mmoja wa Kijerumani akiinywa kama dawa ya minyoo. Mimi niliionja. Ina uchachu wa ulezi, sirudii.

Wakati wa kuondoka, wageni waliambiwa "karibuni tena." Mimi mama mwenye nyumba alinishika mkono akasema mwakani nije tarehe 23, kazi ni nyingi.

Kwa hiyo Pasaka ukija, niletee achari ya maembe, hiliki, na lile dera la bluu nililoacha kwenu, maana hili limeshaingia madoa. Usipitie Nairobi, panda gari la Taveta. Hapo Holili utagongewa muhuri, kisha haisi za Moshi ziko palepale nje. Nisalimie Mama na watoto, na unijibu kabla shule hazijafunguliwa.

Wako,
Somo