Barua ya wazi kwa vijana mnaoshikia walimu madarasa: mtoto ana jina

Wanangu walimu wa kujitolea na wa muda,

Nawaandikia kutoka Moshi. Nimefundisha darasa la kwanza na la pili miaka 31 kabla ya kustaafu. Nilitaka kunyamaza, lakini nililoliona wiki iliyopita limenikaa rohoni. Nimempeleka mjukuu shuleni, ukungu haujaondoka, nakuta darasa la pili limepigishwa magoti kwenye kokoto, na kijana anayemshikia mwalimu aliye likizo ya uzazi anafoka: "Wewe sweta bovu! Wewe kichwa!" Ana wiki ya tatu pale. Hajui jina hata moja.

Likizo ya uzazi ni siku 84. Mtoto wa miaka minane aitwe "wewe" siku 84?

Mtoto akishajua humjui, anahama dawati, anaitikia jina la mwenzake, anaomba kwenda kunywa maji mara nne. Halafu mnasema watundu.

Nami niliwahi kukosea. Mwaka wangu wa kwanza nilipelekwa shule moja ya huko juu kumshikia mwalimu mgonjwa. Mtoto mmoja wa nyuma nikimuuliza hajibu. Nikamwita bubu, darasa likacheka. Siku ya nne monita, kabinti kembamba, akanivuta sketi: "Mwalimu, masikio yake yanatoa usaha. Mwalimu wetu humkalisha mbele." Nikamhamisha. Alisoma ukurasa mzima bila kukwama. Jina lake ninalo mpaka leo.

Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla hujagusa chaki, chukua daftari la mahudhurio uite mwenyewe, polepole. Mtoto asimame, umtazame usoni. Chora madawati kwenye karatasi, andika nani kakaa wapi, monita akusahihishe. Uliza nani hukaa mbele na kwa nini. Wakiwa themanini vitakwenda vipindi viwili. Viende.

Kuhusu fimbo: kanuni za viboko shuleni za 2002 zinampa mwalimu mkuu, au aliyemkabidhi kwa maandishi, viboko visivyozidi vinne, na viandikwe kitabuni. Wewe uliyekuja Jumatatu, maandishi hayo unayo?

Mengine mnayajua. Fikeni kabla ya mstarini. Ombeni azimio la kazi, yaani mpango wa mada za kufundisha, mwone mwenzenu ameishia wapi, msianzishe mada zenu. Kipindi cha wadogo ni dakika 30. Waimbe, wasimame, waandike hewani. Simu ikae mkobani. Daftari zisahihishwe siku hiyohiyo.

Na sisi wazazi na kamati za shule tuone aibu. Tangu elimu bila malipo ianze 2016, wengi tumejifanya shule si yetu. Tunamchukua kijana anayesubiri ajira, tunamsimamisha mbele ya watoto themanini, nauli ya daladala hatumpi, kikombe cha chai hatumpi, na likiharibika jambo tunakuwa wa kwanza kumnyooshea kidole. Yule niliyemkuta nilimuuliza. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka Pasua, hajala kitu tangu jana yake.

Mapumziko nilimnunulia chai na maandazi mawili, tukakaa kwenye benchi na daftari la mahudhurio. Tulianza na dawati la nyuma. Kengele ikalia tukiwa jina la kumi na tisa. Waliobaki nimemwambia nitakuja Jumatatu anitajie.

Bibi yenu, mwalimu mstaafu,
Moshi